Balozi wa Mtaa Usio na Wakazi

Duka langu la ushonaji lilikuwa sebule ya watu. Chumba cha kujaribia nguo kilikuwa bafu; vigae bado viko ukutani, na pale palipokuwa na bomba la mvua nimetundika kioo. Mteja akiwa humo ndani anajitazama, anamsikia daktari wa meno wa upande wa pili akimwambia mtu apanue kinywa zaidi, maana ule ukuta ulijengwa kugawa bafu na jiko la familia moja, haukujengwa kuficha siri za wateja. Mtaa mzima uko hivyo. Muuza miwani yuko kwenye chumba cha kulala cha marehemu fulani, watu wa bima wako chumba cha watoto, na mashine za kutoa nakala zinanguruma barazani ambako zamani watu walikuwa wanachambua mchele. Jioni tunashusha milango ya chuma, tunaagana, kila mtu anashika njia ya kwao.

Anabaki Balozi.

Jina hilo tulimpa sisi wenye maduka. Tulikuwa tunamtania kwamba kwa kuwa yeye ndiye mkazi peke yake, basi yeye ndiye mwenyekiti wa mtaa, ndiye katibu, ndiye mkutano mkuu. Muuza miwani akasema hapana, huyu ni balozi, nchi yake imehama ikamsahau ubalozini. Tukacheka, jina likamganda. Mwenyewe alilipokea vizuri tu, na wakati mwingine akipita dukani kwangu alisema, "Ubalozi unawasalimu." Kila asubuhi nilimkuta anafagia mbele ya geti lake, shati limechomekwa, kalamu mfukoni. Alikuwa ameshastaafu siku nyingi, lakini ukimwona ungedhani anasubiri gari la kazini.

Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji. Alikuwa anaingia kwenye ua wa mtu, anachuchumaa, anafuta vumbi kwenye kioo cha mita, anaandika, anasalimia, anatoka. Mbwa wa mji mzima walimjua. Alinisimulia kwamba alikuwa anajua nyumba iliyopata mtoto mchanga kabla ya majirani, kwa jinsi nepi zinavyokula maji. Alijua nyumba yenye mgonjwa, nyumba ambayo mume na mke wamenuniana na kila mmoja anajipikia kivyake, na nyumba iliyopata mgeni aliyesema anakaa siku mbili na hajaondoka mpaka leo. Hakuwahi kutoboa siri ya mtu, lakini alijua. Ukimpa nafasi ya kusimulia mambo hayo, chai yako inapoa.

Mimi nina mdomo, najijua, na nilidhani mimi ndiye nampa Balozi maneno. Baadaye niligundua kwamba siku za kazi alikuwa anaongea na mimi asubuhi, anaongea na mlinzi wa benki ya jirani jioni kidogo, basi. Jumapili haongei na mtu yeyote. Aliniambia mwenyewe kwamba Jumatatu sauti yake hutoka ikiwa na kutu, mpaka akohoe kwanza.

Sasa nieleze ilikuwaje hata akabaki peke yake, maana watu wengi hudhani ni ubishi.

Kwenye ramani ya manispaa mtaa ule ulikuwa umepakwa rangi ya njano, yaani watu wanaishi. Barabara kubwa ilipopanuliwa, wakubwa wakakaa ofisini wakaupaka nyekundu, yaani watu wanauza. Walibandika tangazo kwenye nguzo ya umeme, wakaita mkutano, wakasoma mpango mpya wa matumizi ya ardhi kwa lugha iliyowafanya watu wapige miayo. Balozi alikwenda na mkewe. Walirudi wametulia, kwa sababu waliambiwa hakuna wa kuwafukuza. Nyumba iliyokuwa inakaliwa kabla ya mpango inaruhusiwa kuendelea kukaliwa. Lakini kulikuwa na masharti. Kukarabati ruksa, kuongeza marufuku, hata kibaraza, hata choo cha nje. Nyumba ikibomoka au kuungua zaidi ya nusu, hairuhusiwi kujengwa tena kuwa ya kuishi. Na ikikaa miezi sita mfululizo bila mtu kulala ndani, ruhusa ya makazi imekwisha hapo hapo, na jengo litakuwa la biashara siku zote.

Wengine hawakusubiri. Mwenye kijana anayetaka kuoa aliona hawezi kumwongezea chumba, akauza. Mwenye nyumba ya kona akapata wapangaji wa bima, akahamia nje ya mji kwenye eneo la nafasi. Mjane wa nyumba hii ninayoshonea alifuata watoto wake. Ikawa kila baada ya muda lori linaegeshwa, vitanda vinatolewa, na fundi anakuja kuondoa madirisha na kuweka vioo vikubwa vya duka. Mke wa Balozi alifariki katikati ya kuhama huko. Wengi waliokuja kumzika walikuja kwa magari kutoka walikohamia, wakazunguka wakitafuta pa kuegesha kwenye mtaa waliokulia.

Balozi ana mtoto mmoja tu, binti, mwalimu. Ameolewa mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, na ana watoto wawili, msichana na mvulana. Kila alipopiga simu alisema jambo lile lile, na mimi nalijua kwa sababu masikio ya Balozi yamechoka, simu yake huiweka sauti kubwa, na mara nyingi huipokelea kwenye benchi langu la wateja.

"Baba, njoo ukae na sisi. Chumba kipo, kitanda kimetandikwa."

"Natamani, mwanangu. Lakini nikiondoka nyumba inakufa. Sheria hainiachii."

"Hata likizo moja ndefu?"

"Likizo inakuwa miezi. Nikizubaa tu, wamenipaka rangi nyekundu. Hii nyumba ni yako na wanao. Siwezi kuiacha iwe duka la simu."

Binti alikuwa hawezi kugombana na baba yake, basi akawa anagombana na manispaa. Alisema hao watu wa mipango miji hawana wazazi, hawana haya, hawana hata mishipa ya kuona aibu. Balozi alikuwa anatikisa kichwa na kusema, "Ndiyo hivyo, mama. Ndiyo hivyo." Na mimi nikiwa kwenye cherehani nilikuwa nachochea kwa sauti, ili binti anisikie kwamba baba yake ana watu upande wake. Alikwenda kwa binti mara moja tu, alipozaliwa yule mjukuu wa pili. Alikaa muda mfupi akarudi, akasema anawahi nyumba.

Halafu likaja suala la mita.

Manispaa walinunua kompyuta, na kompyuta ikaanza kupekua bili za maji ili kujua nyumba zipi za makazi zimeachwa tupu. Nyumba yenye watu inakunywa maji asubuhi na jioni. Hilo Balozi angeweza kuwaambia bure. Lakini yeye ni mzee mmoja. Anaoga kwa nusu ndoo, anapika sufuria moja ya kula kutwa, ana sahani moja ya kuosha. Maji yake hayakutosha kuwa mtu. Kompyuta ikaandika kwamba nyumba ile haina mkazi, na afisa mipango miji akatumwa kuja kuthibitisha ili ruhusa ifutwe.

Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na viatu vya vumbi, faili kwapani. Balozi alikuja dukani kwangu mbio, jambo ambalo sijawahi kuliona, akasimama mlangoni anahema.

"Mama Fundi, tafadhali njoo uwaambie kwamba nipo."

Nikaacha suruali ya mtu ikining'inia kwenye sindano, nikaenda. Afisa alikuwa anatazama kitanda, mswaki, masizi ya sufuria. Nikamwambia, "Yupo. Kama hayupo, huyu anayenicheleweshea kazi kila asubuhi ni jini?" Afisa akacheka, akaandika kwamba nyumba inakaliwa. Alikuwa na roho nzuri, na nilishangaa kidogo kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Niliwaacha wamekaa barazani wanaongea, mimi nikarudi kwa mteja wangu.

Baada ya siku hiyo kamba ya kuanikia ya Balozi ikajaa mashuka. Leo mashuka, kesho mashuka, keshokutwa mapazia na mashuka tena. Nilifurahi. Nilijua amepata wageni. Nikapitisha kichwa getini nikamuuliza, "Balozi, nani kaja? Mbona hututambulishi?"

"Hajaja mtu," akasema. "Nasukuma mita."

Alikuwa anafua mashuka safi. Anayatoa kabatini yamekunjwa, anayaloweka, anayasuuza mara mbili, anayaanika, anayakunja, anayarudisha. Alinionyesha namba kwenye kioo cha mita jinsi zilivyopanda, kwa fahari kabisa, na akaniambia kwamba kwa hesabu yake sasa anaonekana kama watu watatu. Nilicheka pale pale mbele yake, na yeye akacheka. Niliporudi dukani nikakaa na kitambaa mapajani bila kukikata. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, sijui nimkasirikie nani, nikaona wa karibu ni manispaa.

Shule zilipofungwa, binti akaja na watoto wake. Hakuwa amesema anakuja. Mtaa mzima wa maduka ulijua siku hiyo hiyo, kwa sababu Balozi alimpitisha mjukuu mmoja mmoja kila mlango, kuanzia kwa daktari wa meno hadi kwa watu wa bima, akisema, "Huyu ndiye mkubwa. Huyu ndiye mdogo. Huyu mdogo anajua kuhesabu mpaka mia." Muuza miwani alimvalisha mvulana miwani isiyo na vioo. Nilifurahi kumwona Balozi vile. Hata kutembea kwake kulikuwa kumebadilika.

Jumatatu asubuhi binti akaja dukani kwangu na gauni la msichana wake, pindo limefumuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama Fundi, jana tumekaa barazani kutwa nzima. Hakuna aliyepita. Hata mmoja. Mwanangu ameniuliza watu wa huku wamekwenda wapi."

"Jumapili ndivyo kulivyo."

"Na kila siku jioni?"

"Kila siku jioni."

"Nilikuwa najua yuko peke yake. Lakini sikujua ni hivi. Mimi nilidhani peke yake ya kawaida." Akafuta pua. "Leo nakwenda manispaa. Wataniambia wao ni binadamu wa namna gani."

Balozi aliposikia alisema hakuna haja, hao watu hawabadiliki, utajichosha bure. Alisema hivyo mara nyingi, na kwa haraka, mpaka mimi niliona anamhurumia binti kupoteza siku yake ya likizo. Binti akaenda. Afisa hakuwepo, akamwachia ujumbe kwa watu wa mapokezi, na kwa jinsi alivyonirudia maneno yake, nilijua wale watu wa mapokezi waliupunguza makali kabla ya kuufikisha.

Kesho yake afisa akaja mwenyewe.

Mimi nilikuwa sebuleni kwa Balozi, nimepiga magoti, nabana pindo la gauni msichana akiwa amelivaa, maana watoto hawapimiki bila kusimamishwa. Sebule ile ina viti vya watu wengi, vimefunikwa vitambaa vilivyofumwa na marehemu, na ni kimoja tu ambacho godoro lake limebonyea. Afisa alikaa kwenye kimojawapo cha vile vingine. Nilikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo sikuweza hata kumwitikia salamu vizuri.

"Wewe ndiye wa ramani?" binti akamuuliza, amesimama.

"Ndiye mimi, dada. Nimepata ujumbe wako."

"Afadhali. Nataka unitazame usoni. Mzee wa umri huu mmemfunga kwenye nyumba. Analala peke yake mtaa mzima kwa sababu ya rangi zenu. Akianguka bafuni nani atajua? Daktari wa meno? Atajua kesho yake akifungua?"

"Dada, pole pole. Nani kamfunga?"

"Sheria yenu! Si mmesema akiondoka miezi sita nyumba imekufa?"

"Ikikaa tupu," afisa akasema. "Sheria inataka mtu alale humu. Haikusema mtu gani. Anaweza kuweka mpangaji wa kuishi, anaweza kuweka ndugu, anaweza kuweka hata fundi wa baiskeli na mkewe, mradi wanalala na wanapika. Hapo mbele kuna chuo, wanafunzi wanahangaika vyumba. Nyumba ingebaki nyumba, na yeye angekuwa huru kwenda popote." Akamgeukia Balozi. "Mzee wangu, si nilikueleza siku ile ya kwanza, pale barazani? Nikasema na kumtafuta mtu mwaminifu nitakusaidia?"

Balozi alikuwa amekaa kwenye kiti chake kilichobonyea. Alitazama viganja vyake.

"Ulinieleza," akasema.

Msichana alitaka kugeuka amwone babu yake. Nikamshika kiuno asijichome na pini.

"Baba," binti akasema. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu huyu alipokuja?"

"Tangu ule mkutano wa kwanza, mama yako akiwa hai. Walisoma. Wengine walikuwa wanasinzia, mimi nilisikia."

Binti akakaa. Alikaa ukingoni mwa kiti, hakuegemea. "Nimewatukana hawa watu miaka yote hii. Nimemwambia mume wangu, nimewaambia walimu wenzangu, kwamba baba yangu amefungwa na manispaa. Kila likizo ninatandika kile kitanda. Kila likizo, Baba. Na wewe unasema sheria."

"Sheria ilikuwa rahisi kuisema."

"Tumekukosea nini?"

"Hapana. Usije ukafikiri hivyo hata kidogo." Akasogea mbele kitini. "Nilipokuja kwako mlinipokea vizuri. Asubuhi mnatoka, wewe shuleni, mwenzio kazini, watoto na dada wa kazi huko nyuma. Mnaniachia chai kwenye chupa. Ninakaa. Naogopa kugusa redio, sijui inavyowashwa. Nataka kiberiti, sijui kinakaa wapi, naona haya kufungua kabati za mwanamke mwenye nyumba, hata kama ni mwanangu. Jioni mnarudi mmechoka, mnaniuliza, Baba umeshindaje, nasema vizuri. Kila siku vizuri. Hapa niko peke yangu, ndiyo. Lakini niko peke yangu kwangu. Kule nilikuwa peke yangu kwa watu."

"Kwa watu?" Binti akasimama tena. "Baba, mimi ni watu?"

Balozi akaanza kunyoosha kitambaa cha mkono wa kiti chake. Mimi nilikuwa na yangu mengi ya kusema na nilishukuru zile pini. Nilikuwa nimemkasirikia, nisiseme uongo. Nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nachochea kwenye simu, na yale mashuka, na ile huruma yangu yote, nikaona ametudanganya sisi sote. Kisha nikatazama vile viti vitupu vilivyofunikwa vizuri, na hasira ikakosa pa kukaa.

Afisa alikuwa anageuza geuza kalamu. Alikuwa anatamani kuondoka, ungemwona, lakini alikuwa ametumwa kazi. Akasafisha koo.

"Basi, mimi... kwa upande wangu ni kukagua tu. Niandike kwamba bado inakaliwa?"

Huko nje mashine ya nakala ilikuwa inanguruma.

"Andika," binti akasema. Hakuwa anamtazama afisa, alikuwa anamtazama baba yake. "Andika inakaliwa. Anakaa baba yangu, peke yake, kwa kupenda kwake."

Afisa akaandika neno lake moja, akafunga faili, akaaga kwa sauti ya chini. Nikamvua msichana gauni, nikasema nitalimalizia dukani, nikatoka nyuma ya afisa. Nilipitisha mashine kwenye lile pindo na kulifumua mara mbili. Jioni binti akalifuata. Alinishukuru, akauliza kama nimechoka, mambo ya adabu tu.

Walikuwa wamesema watakaa mpaka shule zifunguliwe. Asubuhi iliyofuata nilipofika, nilimkuta Balozi anafagia mbele ya geti, shati limechomekwa. Kamba ya kuanikia ilikuwa tupu.

"Wageni wamelala?" nikamuuliza.

"Wameondoka na basi la kwanza." Akakohoa, akatengeneza sauti. "Mtoto mdogo alikuwa bado amelala, nikambeba mpaka stendi."

"Mwanao kasemaje?"

"Amesema nijitunze. Nile vizuri." Akasukuma vumbi pembeni, akalirudia tena mahali pale pale. "Siku zote akiniaga ananiambia, Baba njoo. Hata siku ya msiba wa mama yake aliniambia, Baba njoo. Leo hakuniambia."

Nilitaka kumwambia kwamba binti atamwambia mara nyingine, hasira zinapoa, mtoto ni mtoto. Lakini mimi nilikuwepo pale sebuleni nikamsikia, na nilijua kwamba binti yule sasa amepewa jibu lake, na kwamba watu huwa hawarudii kuuliza walichojibiwa. Nikamwambia aje tunywe chai dukani. Nikamwambia pia achukue wanafunzi wawili chumba cha nyuma, akae nao hapo hapo kwake, asikie hata mlango ukifunguliwa. Akasema atafikiri, akanywa chai.

Alikaa kwenye benchi langu kutwa nzima. Wateja waliingia na kutoka, akasogea kuwapisha, akarudi alipokuwa. Simu yake aliiweka mapajani, sauti kubwa, haikulia. Jioni daktari wa meno akashusha mlango, watu wa bima wakashusha, muuza miwani akapita akisema kwaheri Balozi, kwaheri Fundi. Nikakunja kazi zangu, nikafunika cherehani, nikachukua funguo.

"Mama Fundi," akasema, "leo ni lazima ufunge?"

"Saa zimefika, Balozi."

"Huwezi kuchelewa kidogo?"

Miaka yote niliyomjua hakuwahi kuniomba kitu zaidi ya ile siku ya kusema yupo. Nikafunua cherehani tena, nikakaa, nikatafuta nguo ya kushona. Hatukuongea chochote cha maana. Alinieleza habari ya nyumba moja ya zamani iliyokuwa na bomba linalovuja chini ya sakafu, na mimi nikaitikia ilipobidi, huku nje milango ya chuma ikishuka mmoja mmoja mpaka ukabaki wangu. Nilichelewa kidogo. Halafu nikafunga, maana na mimi nina watu wanaonisubiri nyumbani.